Jibu: Plagi ya swichi haiingii kwenye raki
Habari ndugu. Nimekuelewa: swichi ya mtandao (kifaa cha kuunganisha kompyuta) imekuja na waya wa plagi ya pini tatu bapa, ila ekstensheni ya raki (fremu ya chuma ya kuwekea vifaa) ina matundu ya C13 tu, aina ya tundu la umeme la vifaa vya kompyuta. Tafadhali usikate plagi wala kutumia adapta isiyo na ethi (waya wa ardhi). Hitilafu ikitokea, raki nzima ya chuma inaweza kukupiga shoti.

Kwanza soma lebo ya swichi. Ikiandikwa 100–240V, nunua waya wa C13 kwenda C14 (plagi ya pini inayoingia kwenye tundu la C13), chomeka, basi. Ikiandikwa 120V pekee, usiiwashe kwa umeme wetu wa 230V.

Ila mlango wa umeme wa swichi ukiwa C20 (aina kubwa zaidi), tundu lako la C13 la ampea 10 halifai. Unahitaji tundu la C19 la ampea 16. Tuwekee picha ya lebo.