Steinbrenner: walimzomea, kisha wakamlilia

Ndugu yangu, unauliza inakuwaje mashabiki wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, waliomzomea mmiliki wake George Steinbrenner miaka yote wakamlilia alipofariki Julai 13, 2010, akiwa na miaka 80. Wala si unafiki. Ni vikombe. Yeye na wenzake waliinunua timu mwaka 1973 kwa takriban dola milioni 10, ikiwa hoi, na chini yake ikabeba World Series, yaani ubingwa wa besiboli Marekani, mara 7.

Ila tusimsafishe kupita kiasi kwa vile marehemu hasemwi vibaya. Kocha Billy Martin alimwajiri na kumtimua mara 5 (tano kweli!). Kocha mwingine, Yogi Berra, kipenzi cha New York, alifukuzwa mwaka 1985 baada ya mechi 16 tu za msimu, tena kwa kutumiwa mtu. Mzee akaususa uwanja miaka 14, mpaka bosi alipomwomba radhi mwaka 1999. Tena mwaka 1990 Steinbrenner alifungiwa kuendesha timu kwa kumlipa mcheza kamari dola 40,000 ili achimbue mabaya ya Dave Winfield, mchezaji wake mwenyewe. Habari zilipofika uwanjani usiku ule, mashabiki wa nyumbani walisimama wakashangilia.

Kwa maoni yangu kifungo kile ndicho kiliiokoa timu. Bosi akiwa nje, meneja mkuu Gene Michael alipata nafasi ya kulea wachezaji vijana kama Bernie Williams bila kuwauza ovyo, na kijana mwingine, Derek Jeter, akachukuliwa 1992. Steinbrenner aliporudi 1993 alikuta chungu kiko jikoni tayari.