RX-8 na resi ya 9,000: jibu kwa aliyeambiwa asivuke 4,000

Ndugu, nianze kwa kurudia swali lako ili na watakaosoma baadaye waelewe. Umenunua Mazda RX-8 ya 2005, gia sita za mkono, iko Kampala. Fundi kakwambia usivuke mizunguko (resi) 4,000 kwa dakika ili injini idumu. Ulipojaribu kukanyaga kwenye barabara ya kasi ya Entebbe, gari likaishiwa nguvu lilipofika 6,000 hivi, na likiwa la moto linasumbua kuwaka. Unauliza kama resi kubwa itaimaliza injini.

Haitaimaliza. Injini hii inauawa na joto, koili mbovu za kuwashia plagi, oili kupungua, na kutambaa kwenye gia kubwa siku zote. Ushauri wa fundi wako ungefaa Premio.

Ndani ya injini ya RX-8 hakuna pistoni wala vali za kawaida. Kuna rota mbili zenye umbo la pembetatu iliyovimba, kila moja ndani ya chumba chake, ujazo wote 1,308 cc. Namba unayoisoma kwenye mshale ni ya shafti ya katikati, na shafti inazunguka mara tatu kila rota inapozunguka mara moja. Mshale ukiwa 9,000, rota zako ziko 3,000. Hakuna kitu kinachopanda, kusimama na kushuka mara 150 kwa sekunde, ndiyo maana injini inapanda laini mpaka mwisho na wengi wanagonga kikomo bila kujua. Ule mlio unaousikia ukikaribia eneo jekundu uliwekwa kwa ajili hiyo.

Halafu sili, yaani vizuizi vya gesi isivuje. Kwenye kila ncha ya rota kuna kipande chembamba cha chuma kinachoteleza juu ya ukuta wa chumba. Kinasukumwa nje na springi, na gesi ya mlipuko, na mzunguko wenyewe. Mizunguko ikiwa midogo, gesi inapata muda wa kuvuja pembeni ya sili. Ikiwa mikubwa, muda huo haupo. Oili ya kulainisha sili hizo inadungwa chumbani na pampu ndogo, na kompyuta ndiyo inayopanga kiasi kulingana na mizunguko na mzigo. Mtu anayepanda kilima kwenye gia ya tano kwa 1,800, mguu umezama, anaibebesha injini mzigo mkubwa wakati sili zinapata oili kidogo, na masizi yanabaki humo humo.

Masizi yanatufikisha kwenye 6,000 yako. RX-8 ya gia sita za mkono ina milango sita ya kuingiza hewa na haifunguki yote kwa pamoja. Vali ya kwanza, SSV, inafunguka karibu na 3,750. Za milango ya ziada, APV, karibu na 6,250. Vali ya tatu inabadilisha njia ya hewa karibu na 7,250. Gari ambalo halijavuka 4,000 kwa miaka, APV zake hazijawahi kugeuka. Zinajengewa masizi mpaka zinaganda. Siku ukikanyaga, injini inafika 6,000 inaomba hewa na mlango umefungwa. (Zile za gia tano za mkono au gia nne za otomatiki hazina APV na eneo jekundu linaanzia 7,500, kwa hiyo msilinganishe.)

Ila usianze kufungua APV. Kuna ugonjwa mwingine wenye dalili hizo hizo, na wenyewe haungoji: koili na kateliti, kile kisafisha moshi kwenye eksozi. Gari lina koili nne na plagi nne, mbili kwa kila rota. Koili hazifi ghafla, zinadhoofika kidogo kidogo, na zikifika kilomita 50,000 usiziamini tena. Petroli isiyoungua inapita kwenda kwenye kateliti na kuungulia huko, kateliti inayeyuka ndani na kuziba, joto linarudi nyuma kwenye injini, na sili za ubavuni mwa rota zinalegea springi. Kwa hiyo koili mbovu za leo ni injini mbovu ya mwakani. Dalili: nguvu inakatika kuanzia 5,000 au 6,000, harufu ya mayai viza, sakafu ya katikati inachoma, na usiku ukichungulia chini unaona kateliti imekuwa nyekundu. Taa ya cheki injini ikipepesa, gari linamisi, yaani petroli haiungui sawasawa; toa mguu hapo hapo, usimalizie safari kwa resi.

Badilisha koili zote nne kwa pamoja, na waya zake, na plagi. Soko la Kisekka utapata koili za kila aina. Chukua nne za mtengenezaji mmoja, zenye boksi. Plagi za NGK ni RE7C-L kwa matundu ya chini na RE9B-T kwa ya juu. Fundi asiyezoea rota atanunua nne zinazofanana au atazigeuza, kwa sababu kwa mbali zinafanana. Simama naye, soma maandishi ya kila moja kabla haijaingia. Ukimaliza hapo, fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya kateliti, funga geji ya shinikizo kwenye tundu lake, piga resi 2,500. Ikipita psi 3, kateliti imeziba. Kama eksozi iko safi na gari bado linafia 6,000, sasa ndiyo APV: toa manifoldi ya hewa, ona kama mikono inageuka kwa vidole, safisha kwa dawa ya kabureta bila kukwangua kwa bisibisi. SSV ni rahisi zaidi: gari likiwa limesimama na lina moto, mtu apige resi kupita 3,750 huku wewe unaangalia fimbo yake. Isipotikisika, angalia kwanza mpira wa vakyumu. Nyingi zimepasuka tu.

Kusumbua kuwaka likiwa la moto ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu ndiyo dalili ya kwanza ya kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, kushuka. Kabla ya kulia, hakikisha betri na stata. Stata za matoleo ya mwanzo zilikuwa dhaifu, na injini hii inataka kuzungushwa angalau 250 kwa dakika. Ikizungushwa 200 haitawaka vizuri hata ikiwa mpya.

Kipimo chenyewe kina mashine yake inayosoma nyuso tatu za kila rota. Usipoipata, geji ya kawaida ya pistoni inaweza kukupa picha, ila siyo namba kamili. Toa kile kiini cha vali kwenye mpira wa geji ili mshale usigande juu, toa plagi za chini, zima pampu ya petroli, kanyaga mafuta mpaka mwisho, halafu piga stata huku simu inarekodi mshale. Utauona ukiruka mara tatu, mara tatu. Miruko mitatu iliyo sawa ni habari njema. Mmoja mfupi na wawili mirefu, kuna sili imekwenda. Yote mitatu mifupi lakini sawa, hauzingi (ukuta wa chumba cha rota) imechakaa au stata inazungusha polepole.

Kwa mashine kamili, Mazda wanataka 830 kPa kwa injini mpya, mwisho wa chini 680, stata ikizungusha 250 kwa dakika. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi 150, na kati ya rota mbili isizidi 100. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200, hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 13, na usomaji utashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Fundi asiyejua hili anaweza kukuhukumia injini nzima kifo. Ndiyo sababu pia gari lililoandikwa farasi 250 Japani halitakupa zote hapa, na Kabale, kulikoinuka zaidi, litakupa pungufu zaidi. Usimsumbue fundi kwa hilo.

Sasa kuendesha. Washa, kaa sekunde chache, ondoka taratibu, usivuke 4,000 mpaka maji yafike nyuzi 80, kisha ongeza dakika kumi kwa sababu oili inachelewa kupata moto kuliko maji. Mshale wa joto kwenye dashibodi usiutegemee: ukishafika katikati unakaa hapo hapo hata joto likipanda mno, na ukianza kusogea umechelewa. Nunua kile kidude cha OBD cha kuchomeka chini ya usukani, usome joto kwenye simu. Mshale wa shinikizo la oili kwenye matoleo kabla ya 2009 nao ni swichi tu, ama ipo ama haipo.

Gia ya kwanza inafika 9,000 kwenye kilomita 65 hivi kwa saa, ya pili karibu 110, ya tatu 150. Kwenye barabara ya kasi ya Entebbe kikomo ni 100, kwa hiyo kazi yako iko kwenye gia ya pili. Barabara ikiwa wazi, ingia ya pili kwa 3,000, zamisha mguu wote, vuta mpaka 8,000, weka ya tatu. Hapo uko chini ya 100 na vali zote tatu zimefunguka. Mara mbili tatu kwa safari zinatosha. Baada ya hapo usikimbilie ya sita: kwa 100 ya sita inakupa kama 3,000, hata SSV haifunguki. Tembea na ya nne, karibu 4,300, utaona gari linavyokuwa jepesi. Petroli itaondoka, lakini aliyetaka kubana petroli asingenunua hii.

Kupiga resi gari limesimama getini hakusaidii. Bila mzigo hakuna joto la kuchoma masizi, ni kelele tu. Na angalia mkono wakati wa kushusha gia. Ukitaka ya nne ukaingiza ya pili kwenye 130, shafti itarushwa kupita kikomo na kompyuta haiwezi kuzuia, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Hapo ndipo sili zinadunda kwenye ukuta na kuuchora.

Joto. Injini imeundwa kwa tabaka za alumini na chuma zilizobanwa na boliti ndefu, na kati yake kuna mipira ya kuzuia maji. Kuchemsha mara moja kunatosha kuikunja. Likipita nyuzi 105 punguza mwendo, zima AC, fungulia hita. Likifika 115 simama. Adui mkubwa hapa ni jam ya Jinja Road saa kumi na moja jioni kuliko mbio zozote. Feni zote mbili zifanye kazi. Vipoza oili viko chini kwenye pembe za bampa ya mbele, na ukipita barabara ya udongo vinajaa tope na majani; vioshe kwa maji yenye presha ndogo, ukipiga kutoka nyuma kuja mbele. Chujio la hewa wakati wa kiangazi likague kila mwezi. Vumbi likipita linasaga kromu ya ukuta.

Oili pima kila unapojaza petroli mara ya pili. Ukiendesha hivi, lita moja kwa kilomita 1,500 hadi 2,000 ni kawaida. Isipopungua kabisa ndipo uogope: pampu au mirija yake imeziba na sili zinasuguana kavu. Badilisha kila kilomita 5,000, inaingia kama lita 3.5 pamoja na chujio. 5W-30 ndiyo ya kitabu. Kwa injini iliyochoka na jua hili, 10W-40 sina ugomvi nayo. Wengi wetu tunaongeza oili ya tu-stroku kwenye tangi, mililita 4 hadi 5 kwa lita, yaani robo lita kwa lita 50. Tafuta yenye alama ya JASO FD. Ile ya injini za mashua inayouzwa kwenye mialo kama Ggaba au Katosi ni TC-W3, haina majivu, lakini ilitengenezewa injini zinazopozwa na ziwa. Itumie ukikosa nyingine.

La kuzuia kabisa ni kuwasha gari la baridi, kulisogeza mita tano na kuzima. Vijana wa kuoshea magari wanafanya hivyo kila siku, na baada ya hapo plagi zimelowa petroli, gari haliwaki. Waambie walisukume. Likishalowa: kanyaga mafuta mpaka chini, petroli inakatika, piga stata sekunde kumi, pumzisha stata, rudia. Lisipokubali, toa plagi, zikaushe, piga stata matundu yakiwa wazi, rudisha. Na ukizima kawaida, shikilia 3,000 sekunde kumi kisha zima.

Anza na betri, stata na koili. Ukishapima kompresheni, weka hapa namba zote sita, kasi ya stata, na useme kama injini ilikuwa ya moto au ya baridi.