Flashi ikigoma kutoka kwenye laptopu

Mstari wa kukopi ukifika mwisho, wengi huchomoa flashi papo hapo. Mara nyingi hakuna kinachoharibika, na ndiyo maana tabia hii haifi. Siku kikiharibika, huwa ni faili lililokopiwa mwisho, yaani lile lile ulilotaka kwenda kuprinti steshenari.

Umeme hauna kosa hapa. Kichwa cha USB kimeundwa kichomolewe kompyuta ikiwa inawaka. Kitazame kwa ndani kile cha kawaida cha bapa: kuna vibati vinne vya rangi ya dhahabu, na viwili vya pembeni ni virefu kidogo kuliko viwili vya katikati. Hivyo vya pembeni ndivyo vya umeme. Urefu wake unafanya umeme uwahi kuingia na uchelewe kukatika, data ikiwa imeshatoka. Kinacholeta hasara ni kuchomoa wakati uandishi haujaisha.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ina kasi kubwa kuliko flashi, kwa hiyo mfumo endeshi (Windows, Linux au ule wa Mac) hupokea faili, huliweka RAM, kisha huanza kulimimina kwenye flashi pole pole. Linux ndiyo inayowaponza watu zaidi. Faili la GB 2 linaweza kuonekana limekwisha kwa sekunde chache, kumbe flashi inayoandika MB 8 kwa sekunde inahitaji zaidi ya dakika 4. Windows ilibadilika mwaka 2018: kuanzia toleo 1809 la Windows 10, flashi huwekwa kwenye mpangilio wa "Quick removal" usiolimbikiza data RAM. Hapo ndipo ilipotoka kauli ya kwamba siku hizi hakuna haja ya "Eject", yaani amri ya kuiambia kompyuta iiachie flashi kabla hujaichomoa. Ni kweli nusu. Mpangilio huo hauizuii Word, antivairasi au programu nyingine kuwa katikati ya kuandika, na kwa Mac na Linux haupo kabisa.

Kuandika faili ni kazi mbili: kuweka data yenyewe, na kujaza orodha inayosema data hiyo imekaa wapi. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa mifumo ya kupanga mafaili iitwayo FAT32 au exFAT, nayo haina daftari la kuandika "naanza hili, nimemaliza hili" kama lililo kwenye NTFS, mfumo wa diski za ndani za Windows. Ukichomoa kati ya kazi hizo mbili, unabaki na jina la faili lenye KB 0, au picha iliyokatika nusu. Kibaya zaidi kiko ndani ya flashi yenyewe. Chipu yake ya kuongoza huhamisha data kutoka sehemu moja kwenda nyingine na hutunza ramani ya mahali ilipoziweka. Umeme ukikatika ramani hiyo ikiwa inaandikwa, Windows inaweza kuionyesha herufi ya diski lakini ukibofya inakuambia uweke diski kwanza. Ikifika hapo, kufomati kwa kawaida hakusaidii.

Utaratibu wa Windows ni mfupi. Hifadhi kazi, funga mafaili yote yaliyofunguliwa kutoka kwenye flashi, subiri taa yake iache kumeta. Kona ya chini kulia bofya mshale mdogo unaotazama juu, kisha alama ya kichwa cha USB, uchague "Eject" yenye jina la flashi yako. Usichague ya juu yake kwa haraka, maana diski nyingine iliyochomekwa nayo imo kwenye orodha hiyo. Ujumbe wa "Safe To Remove Hardware" ukitokea, chomoa. Kwenye baadhi ya laptopu taa ya flashi hubaki inawaka hata baada ya hapo kwa sababu tundu bado linatoa umeme. Fuata ujumbe, achana na taa.

Kazi inaanza pale Windows inapojibu kwamba kifaa bado kinatumika. Wengi wakiona hivyo hukata tamaa na kuvuta, nao huo ndio wakati usiofaa kabisa kuvuta, kwa kuwa kompyuta imeshakwambia kuna programu imeishika flashi.

Mshikaji wa kwanza wa kushuku ni programu uliyodhani umeifunga. Ukifungua faili kupitia dirisha la "Open" ndani ya Word au Excel, programu yenyewe huweza kubaki imesimama kwenye folda ya flashi hata baada ya kufunga waraka. Funga programu nzima. Dirisha jeusi la amri lililosimama kwenye herufi ya flashi, mfano E:, hufanya vivyo hivyo, na pia kicheza muziki kilichosimamishwa tu bila kufungwa. Funga na dirisha la folda lenye video nyingi, maana Windows huzifungua video hizo ili kutengeneza vijipicha. Antivairasi ikiwa inakagua, isubiri imalize.

Ukishafunga yote na bado inagoma, acha kubahatisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs" kisha "System". Tafuta tukio namba 225 kutoka Kernel-PnP, sehemu ya Windows inayoshughulikia vifaa, lenye saa ile ile uliyojaribu kutoa flashi. Ndani yake imeandikwa njia kamili ya programu iliyozuia, pamoja na namba yake ya utambulisho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager, nenda "Details", itafute kwa namba hiyo. Ikiwa ni explorer.exe, rudi kwenye orodha ya programu, ichague "Windows Explorer" na ubofye "Restart". Skrini itapepesa kidogo, kisha jaribu "Eject" tena.

Ukikuta wscript.exe, simama. Programu hiyo ni halali ya Windows, lakini ndiyo inayotumiwa sana na vile virusi vya shotikati: folda zako zinageuka vialama vyenye mshale, kila kimoja kina KB 1 au 2, na flashi inaonekana imejaa ilhali hakuna kitu. Usivifungue. Izime wscript.exe kwa "End task" humo humo Task Manager, kisha safisha kompyuta kwa antivairasi kabla ya kuishughulikia flashi, la sivyo itaambukizwa tena dakika hiyo hiyo. Folda halisi kwa kawaida zimefichwa tu. Kwenye dirisha la amri andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadili E iwe herufi ya flashi yako, nazo zitajitokeza. Baada ya hapo futa zile shotikati, pamoja na faili lolote lenye mwisho wa .vbs usilolijua.

Kama mshikaji ni "System" yenye namba 4, usihangaike nayo. Zima laptopu ukiwa umeshikilia Shift unapobofya "Shut down", maana bila Shift Windows nyingi hazizimi moja kwa moja, huhifadhi sehemu ya mfumo ili kesho ziwake haraka. Kuilaza laptopu si kuizima. Laptopu iliyolala bado inaamini flashi ipo na inakumbuka orodha ya mafaili ya awali. Ukiichomoa flashi, ukaijaza vitu kwenye kompyuta nyingine, ukairudisha kabla ya kuiamsha ya kwanza, orodha ya zamani inaweza kuandikwa juu ya mpya.

Kwenye Mac, ichague flashi ubonyeze Command na E. Ikikataa bila programu yoyote kuwa wazi, mara nyingi ni Spotlight, kitafutaji cha Mac, inaorodhesha mafaili, ipe dakika chache kabla ya kulazimisha. Kwenye Linux fungua dirisha la amri, andika sync na usubiri alama ya kuandikia irudi. Ikirudi, data iliyokuwa RAM imeshuka. Kisha andika umount ikifuatiwa na njia ya flashi. Ukiambiwa "target is busy", fuser -vm ikifuatiwa na njia ya flashi itakutajia mshikaji kwa jina.

Diski ngumu za nje za kuzunguka zinataka subira ya ziada. Ndani kuna sahani inayozunguka, nyingi mara 5400 kwa dakika, na vichwa vinavyoelea juu yake. Ukishaitoa kwa "Eject", iache mezani sekunde kumi hivi mpaka usikie mvumo umeisha, ndipo uinyanyue na kuitia kwenye begi.

Na kama umeshachomoa vibaya? Usiandike chochote kipya kwenye flashi hiyo. Ichomeke tena, na Windows ikikuomba kukagua na kurekebisha, kataa kwanza. Kopi vyote vinavyosomeka upeleke kwenye laptopu, maana urekebishaji hubadilisha orodha na hauna kurudi nyuma. Baada ya hapo, kwenye dirisha la amri, endesha chkdsk E: /f, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Vipande visivyo na mwenyewe utavikuta kwenye folda iliyofichwa iitwayo FOUND.000, vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Kimoja kikiwa ni picha, kukibadili mwisho kuwa .jpg wakati mwingine kunatosha kukifungua. Kwa vilivyobaki kuna PhotoRec, programu ya bure inayotambua mafaili kwa umbo la data bila kutegemea orodha. Majina ya awali hupotea, na inavyovipata ivihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi hiyo hiyo.