Risasi ya sekunde 24: maswali yenu, majibu yangu

Wiki iliyopita niliwagusia habari ya timu ya walenga shabaha wa Wyoming, Marekani, ambao Septemba 2022 waliigonga shabaha iliyokuwa maili 4.4 mbali, yaani kama mita 7,081. Sikujua Dodoma ina wapenda mambo haya wengi kiasi hiki. Simu imejaa ujumbe. Nimechagua machache, yaliyobaki ni matusi, na mawili ni ya watu wanaotaka kuniuzia kiwanja Iyumbu.

Shikamoo Mwalimu. Kilomita 7 kweli? Mimi kwa umbali huo hata ng'ombe wangu siwatambui. (Mfugaji, Bahi)

Marahaba. Ni kweli. Kwa sisi wa mjini, simama Nyerere Square halafu shabaha iwe karibu kufika UDOM. Risasi ilikaa hewani sekunde 24 hivi. Kwa muda huo mvutano wa Dunia unaishusha zaidi ya kilomita 2 chini ya mstari wa mtutu, kwa hiyo bunduki haikuelekezwa kwenye shabaha hata kidogo, ilielekezwa juu angani.

Ila kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia habari hii huliruka: waliigonga kwa risasi ya 69. Zile 68 za mwanzo zilikwenda zake. Waangalizi waliokuwa upande wa shabaha walikuwa wanatafuta vumbi linapotimka, wanatoa taarifa, mlengaji anasahihisha. Siwabezi, kufikisha risasi hata jirani na pale ni kazi kubwa. Lakini mtu akikuletea habari ya rekodi ya shabaha, muulize kwanza alifyatua ngapi. Mimi JKT tulipelekwa renji na risasi za kuhesabu mkononi, na afande hakuwa na habari ya risasi ya 69.

Upepo wa hapa kwetu mwezi wa saba unabeba mpaka turubai langu. Hao wangeweza Dodoma? (Mama lishe, Sabasaba)

Mama, umelenga penyewe kuliko wote walioniandikia. Mvutano wa Dunia haubadiliki, ukishaupigia hesabu umemaliza. Upepo ndio unaowatoa watu jasho.

Kuna kanuni ya zamani ya kukisia. Chukua muda ambao risasi imetumia kufika, toa muda ambao ingetumia kama hewa isingekuwepo, kisha zidisha na kasi ya upepo unaoikata ubavuni. Tuseme ilitoka mtutuni kwa mita 1,000 kwa sekunde. Pasipo hewa ingefika kwa sekunde 7, imetumia 24, tofauti ni 17. Sasa upepo wa mita 1 tu kwa sekunde, ule ambao hata moshi wa jiko lako hauusumbui sana, unaisogeza risasi mita 17 pembeni. Hiyo ni zaidi ya urefu wa basi la mkoani! Turubai lako linabebwa na upepo wenye nguvu mara kumi ya huo.

Tena risasi haisafiri usawa wa macho. Katikati ya safari inakuwa mamia ya mita juu ya ardhi, na upepo wa huko hausomeki kwa kutazama majani ya mbuyu au mazigazi yanavyokimbia kwenye darubini. Hapo mlengaji anakisia, anafyatua, anasubiri vumbi. Ndiyo maana 69.

Nimehamia huku na Serikali kutoka Dar. Eti risasi ya Dodoma inafika mbali kuliko ya Dar? (Mtumishi, Mtumba)

Eti ni kweli. Tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 10 hivi kuliko ya pwani. Risasi inaburutwa kidogo. Bunduki iliyowekwa sawa Dar kwa shabaha ya mbali itapiga juu ikiletwa hapa. Karibu Dodoma, paka mafuta midomo.

Mwalimu, je, wanahesabu hata mzunguko wa Dunia, au ni mbwembwe? (Mwanafunzi, UDOM)

Kwa mita 300 ni mbwembwe. Kwa sekunde 24 hewani si mbwembwe tena, maana Dunia inageuka wakati risasi ikiwa njiani. Kwa hesabu yangu ya haraka, kule Wyoming, nyuzi 43 na ushee kaskazini, risasi inasogea kulia mita 8 au zaidi. Ileile ikifyatuliwa hapa kwetu, nyuzi 6 kusini, inasogea kushoto mita moja na kitu tu. Usishangilie mapema. Karibu na Ikweta kuna mchezo mwingine: ukipiga kuelekea mashariki risasi inafika juu zaidi, magharibi inafika chini, na kwa safari ya namna ile tofauti ni kama mita 10 kila upande. Ongeza kwamba risasi inazunguka kama pia, na ule mzunguko wenyewe unaivuta pembeni polepole. Kaa na karatasi uihakiki hesabu yangu. Ukikuta kosa niandikie, usiniweke kwenye grupu la WhatsApp.

Wanasema ukisikia mlio ujue risasi imeshakupita. (Bodaboda, Nkuhungu)

Kwa umbali wa kawaida ni hivyo, kwa sababu risasi ya bunduki inaishinda sauti. Kwa mita 7,081 mambo yanageuka. Sauti, kwa mita 340 kwa sekunde, inafika kwa sekunde 21 hivi. Risasi imechoka njiani, inafika ya 24. Mlio unatangulia kama sekunde 3. Na pale kasi yake inaposhuka hadi kuwa sawa na ya sauti ndipo inapoanza kuyumba. Walengaji wa mbali huuogopa mpaka huo kuliko kitu chochote kingine, ukiacha upepo.

Nani bingwa wa wadunguaji duniani? (Kijana, Manyoni)

Mwingereza Craig Harrison, 2009, Afghanistan: mita 2,475. Mwanajeshi wa Kanada ambaye jina halikutolewa, 2017, Iraki: mita 3,540. Mwaka 2023 ikatangazwa ya Mwukraine, mita 3,800. Kila moja ni habari ya mtu aliyeuawa, na risasi zilizokosa vitani hazina mtunza daftari. Mimi ubingwa siugawi hapo.

Nina rafiki ana bunduki yenye kibali. Tukijaribu mita 2,000 mbugani Bahi? (Jina ninalo)

Hapana. Risasi iliyokosa haipotei, inakwenda kilomita nyingine kadhaa, na huko yuko yule mfugaji wa swali la kwanza. Kibali chini ya sheria ya silaha ya 2015 ni cha rafiki yako, si chako.

Babu yangu ni Msandawe wa Chemba, ameua wanyama wengi kwa upinde. Anasema fundi ni yule anayemkaribia mnyama, siyo anayekaa mbali. Nimwambie nini? (Mjukuu, Kwa Mtoro)

Mwambie hao wa mbali hawakuwa wanawinda, walipiga ubao. Halafu muulize yeye mwenyewe, nina hakika atacheka: digidigi akipewa sekunde 24 atakuwa amekusikia, amegeuka, na ameshavuka makorongo mawili. Mpe shikamoo yangu.