Kumjua mzee wako zaidi ya shikamoo

Wengi wetu wa Newala, Masasi, Ruangwa na kwingineko Kusini tunawajua babu na bibi zetu kwa shikamoo na marahaba. Hela ya sabuni inatumwa, simu inapigwa Idi au Krismasi, basi. Ukitaka kumjua mzee wako kuliko hapo, anza na msimu. Kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wanaokota korosho na kusubiri mnada, hakuna wa kukaa na wewe. Julai ni nzuri zaidi: vijana wanapulizia salfa, dawa ya mikorosho, shambani, mzee yuko barazani ametulia. Nenda jioni, jua likishapungua makali.

Kabla hujatoa daftari, waambie wanawe unachotafuta. Mjukuu wa mjini anayeulizia shamba la babu linaishia wapi na alipewa na nani ataonekana amekuja kugawa mikorosho kabla ya msiba. Hakuna kinachovuruga kazi hii kama hilo. Habari za mipaka ziache kabisa, hata mwenyewe akizianzisha.

Usimwambie mzee "nieleze maisha yako". Utajibiwa kwamba yalikuwa magumu, na hapo mazungumzo yamekwisha. Uliza kitu kinachoshikika: "Bibi, mwaka wa njaa ming'oko, ile mizizi ya porini, mlichimba pori gani? Mlikwenda na nani?" Akianza kutaja waliokwenda naye, umeshapata watu, njia na kijiji cha zamani. Kwa babu, ulizia kazi ya kwanza ya mshahara. Wengi wa rika lake walikata mkonge, au baba zao waliukata, na kambi ya mkonge ndiyo inayoeleza kwa nini una ndugu Tanga au ng'ambo ya Ruvuma.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho mara nyingi ni makadirio ya siku ya kujiandikisha. Tumia matukio: mradi wa karanga wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952, Uhuru 1961, vita ya Msumbiji 1964 hadi 1974, kuhamia vijijini 1973 hadi 1976, vita ya Kagera 1978. Uliza kimbunga kilimkuta wapi. Bibi akisema alikuwa ametoka unyagoni karibuni, basi alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 au mwanzoni mwa 1940. Iandike hivyo hivyo, "karibu na", usijitungie tarehe.

Ukoo ndio unaowachanganya wengi. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, lakini jina la tatu kwenye cheti chako linakupeleka kwa baba. Ukilifuata hilo peke yake, vizazi viwili tu umekwama. Mtafute mjomba mkubwa, yule anayeitwa kwenye posa na matanga. Ndiye mwenye hesabu ya nani katoka tumbo gani. Na neno "kaka" lisikudanganye, kwa mzee linaweza kuwa mtoto wa mama mkubwa. Uliza, "Ni wa tumbo moja?"

Majina nayo yana mtego. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilopewa jandoni au unyagoni, na la dini. Asiyejua hilo huchora watu watatu mahali pa mmoja. Kila jina jipya likitajwa, uliza alikuwa akiitwaje kabla. Yaliyofundishwa humo ndani, hata hivyo, si ya daftari. Mwanamume asimuulize bibi ya unyago, na mbele ya watoto mtu yeyote asiulize.

Simu ya kurekodia: omba ruhusa kwanza, kisha iweke hali ya ndege, kwa sababu simu ikiingia mara nyingi hukata kurekodi. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, kama sentimita 40 kutoka mdomoni. Ukiiweka mezani itanasa kila kikombe kinachogonga. Kaa mbali na redio ya jirani, na mvua ikipiga bati, acha, hutasikia kitu. Dakika 45 zinatosha. Baada ya hapo mzee anajibu ili uondoke.

Picha za zamani zilizoganda kwenye kioo cha fremu usizibandue, rangi hubaki kwenye kioo. Zipige na kioo chake kivulini, bila mwanga wa simu. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli, bila kukandamiza.

Wazee wawili wakitofautiana, na watatofautiana, usiwapatanishe. Andika kauli zote mbili na jina la aliyesema kila moja. Sauti usiziache WhatsApp tu, simu ikiibiwa au kubadilishwa zinapotea nayo. Faili iite kwa mwaka, mwezi, siku, jina na kijiji, na nakala moja iweke kwenye memori kadi umkabidhi mjomba.