Rudisheni avansi: barua kwa binti yangu aliye Bukavu

Goma, Jumapili jioni

Mama,

Nakuita hivyo kama siku zote, maana jina la mama yangu ndilo unalobeba. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilitoka nje, mama yako alikuwa ameanza kuuliza nina nini. Umeuliza: "Papa, nikiacha kuimba sasa, kabla ya zile tarehe za kupiga muziki Uvira na Bujumbura, nitakuwa nimewasaliti wenzangu?" Tena umesema hulali, koo linakatika kwenye wimbo wa tatu, vijana wa bendi yenu wanasema avansi, ile pesa mliyolipwa mbele, imekwisha kuliwa, na wasichana wa kuimba Bukavu hawakosekani.

Muziki wenu siuelewi, unajua. Gitaa likianza kunguruma kama mashine ya kusaga mihogo, mimi naondoka. Lakini orkestra moja ya namna hiyo (nyinyi mnaita bendi) naifahamu tangu ujana wangu, na habari zake nimezifuata hadi leo. The Cranberries.

Mwanzoni mwa 1995 nilikuwa dereva wa lori la maji. Karibu watu milioni moja walikuwa wamevuka kutoka Rwanda mwezi wa Julai uliotangulia, kolera ikawaua kwa maelfu, nasi tulikuwa tunavuta maji ziwani na kuyapeleka kambi ya Mugunga. Muuguzi mmoja wa Ayalandi aliyekuwa akipanda lori langu alikuwa na kaseti yao. Wimbo mmoja mwanamke analia humo, sauti inavunjika kooni makusudi, nikadhani ni mambo ya mapenzi yaliyoharibika. Siku moja nikamuuliza. Akaniambia ni watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12, waliouawa na mabomu yaliyofichwa kwenye mapipa ya taka, mjini Warrington, Uingereza, Machi 1993. Waliotega walisema wanapigania nchi yake huyo huyo mwimbaji. Naye akaimba kuwakataa. Nikamwambia muuguzi airudishe kaseti mwanzo. Hatukusema neno mpaka Mugunga, na ile njia uliijua ilivyokuwa kwa kusimuliwa tu.

Huyo mwimbaji ni Dolores O'Riordan. Nisikilize vizuri hapa, maana hali yake ilikuwa kama yako. Orkestra hakuianzisha yeye. Ndugu wawili wa mji wa Limerick, Noel na Mike Hogan, waliianzisha 1989 na mpiga ngoma Fergal Lawler, na aliyekuwa akiimba ni kijana mwingine. Huyo alipoondoka 1990 ndipo akaja msichana wa kijijini wa miaka 18, amebeba kinanda chake, amezoea kuimba kanisani. Alikuwa na haya kiasi cha kuimba akiwapa watu mgongo. Noel akampa kaseti yenye gitaa tupu. Akarudi nayo ina maneno: ndiyo ikawa "Linger," wimbo uliofika nafasi ya 8 Marekani.

Kwa hiyo vijana wako wakisema walikuwepo kabla yako, ni kweli, hata akina Hogan walikuwepo. Swali ni walikuwa wanaimba nini kabla yako.

Mwanzo wenyewe haukuwa wa asali. Nyimbo zao za kwanza hazikuvuma, na meneja wao wa kwanza waliachana naye vibaya. Albamu ya kwanza ilitoka 1993, Uingereza wakaipuuza, mpaka Marekani walipoanza kuionyesha kwenye televisheni. Ya pili, 1994, ndiyo ile ya kaseti ya lori langu, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 15 duniani. Tangu hapo ni turnee juu ya turnee, safari za kupiga muziki mji hadi mji. Kufika 1996 yule dada alikuwa hali chakula, halali usingizi, amekonda. Tarehe zilikuwa zimepangwa, tiketi zimeuzwa, na hao walikuwa na wakubwa wa kampuni ya sahani za muziki nyuma yao, si mwenye ukumbi wa Uvira. Wakafuta turnee.

Hawakufa. Walikaa kimya, akajifungua mtoto wake wa kwanza 1997, na 1999 wakatoa albamu nyingine na watu wakaja kuwaona. Wakasimama tena 2003, miaka sita nzima, kila mmoja na shughuli zake. Wakarudiana 2009. Sikufichi kwamba katikati waligombana: 2013 Dolores alimpeleka Noel mahakamani, kesi ikaja kufutwa. Halafu 2014 akafanya fujo kwenye ndege, polisi wakamkamata. Watu walicheka sana siku ile. Baadaye akasema mwenyewe kwamba ana ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha. Mimi sikucheka. Nimeendesha watu wengi waliochoka.

2017 mgongo ukakataa, turnee ikakatwa tena. Na tarehe 15 Januari 2018 alikutwa amekufa maji ndani ya bafu la hoteli, London, kwa ajili ya pombe. Miaka 46. Sikuandikii hili nikutishe. Ungelisoma mwenyewe ukalificha nisijue kwamba umelisoma.

Ninachotaka ujue ni kilichofuata. Yeye na Noel walikuwa wameanza nyimbo mpya, sauti yake ilikuwa imerekodiwa kwa majaribio tu. Wale watatu wakaomba ruhusa kwa familia, wakapiga vyombo juu ya sauti ile, wakatoa albamu Aprili 2019, kisha wakalifunga jina. Hawakutafuta msichana mwingine. Kwetu huku orkestra Wenge Musica walipogawanyika 1997 kila upande uliondoka na kipande cha jina, na watu wakacheza pande zote mbili! Basi mimi nasema, anayekuambia wasichana hawakosekani hajakuita kwenye orkestra, amekuajiri.

Sasa lingine. Lile kovu la mkono wangu wa kushoto. Nilikuambia nilianguka na chukudu, ile baiskeli ya mbao, nikiwa mtoto. Si kweli. Mwaka ule ule wa 1995, baada ya majuma mengi bila siku ya kupumzika, nilisinzia kwenye usukani nikitoka Sake. Lori likalala ubavu, maji yote yakamwagika barabarani, na akina mama wakakimbia na bidoni kuyachota kabla ya kunitoa mimi. Mkubwa wangu wa kazi alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa tanki limepasuka? Nilikuwa nimejua siku tatu kabla kwamba sifai kuendesha. Sikusema, niliogopa kuonekana mvivu mbele ya wenzangu. Nikakaa miezi miwili nyumbani, na lori likapata dereva mwingine kesho yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Waite wote wanne pamoja, usiongee na mmoja mmoja. Waambie tarehe za Uvira na Bujumbura zinafutwa, si wewe unayetoka. Avansi irudishwe. Niambie fungu lako ni dola ngapi. Zamu yangu ya likelemba, ile ya kuchangiana pesa kwa zamu, ni mwisho wa mwezi huu, sitaki maneno mengi juu ya hilo. Nyimbo ulizoandika, ziandike kwenye daftari moja na tarehe zake, na daftari lije kwangu.

Halafu panda boti uje ulale. Ya mchana, si ya usiku, ziwa limechafuka wiki hii. Habari ya kovu, mama yako nitamwambia mimi mwenyewe, naye anaamini ni chukudu.

Papa yako