Mbona morfini ya kunywa ni mara tatu ya sindano?

SWALI: Mama yangu ana saratani. Wodini alikuwa akichomwa morfini miligramu 10 kila baada ya saa 4. Tuliporuhusiwa tukapewa ya maji, anywe miligramu 30 kila baada ya saa 4. Hawajazidisha? Kwa hofu nampa nusu, lakini usiku analia kwa maumivu.

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Hawajazidisha. Kwa hesabu inayotumika sana, miligramu 30 za kunywa hutuliza maumivu karibu sawa na 10 za sindano, na sababu ni ini.

Damu inayotoka kwenye utumbo mdogo hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa na mshipa mkubwa uitwao vena porta na kupelekwa kwanza kwenye ini. Humo vimeng'enya huibadili morfini kabla haijaingia kwenye mzunguko wa mwili mzima, na kwa kawaida inayosalimika ni kama theluthi moja, kwa wengine hata pungufu. Dawa ya sindano hutangulia kuenea mwilini, ini likaipata baadaye kidogo kidogo. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo huambiwa aweke nitrogliserini chini ya ulimi: damu ya mdomoni haipiti vena porta, ilhali akiimeza, karibu yote huharibiwa na ini.

Sehemu ya morfini iliyobadilishwa hugeuka kemikali iitwayo M6G, nayo hutuliza maumivu, kisha hutolewa na figo. Kwa hiyo kama mama ana shida ya figo, M6G hujikusanya. Kama ini limesinyaa, morfini nyingi zaidi hupenya. Hapo hesabu ya mara tatu haifai, na daktari lazima ajue.

Morfini ya maji nyumbani si jambo la kubahatisha. Hospice Africa Uganda, shirika linalotuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, wanaitumia tangu 1993. Maumivu ya mama yana dawa, na kumpunguzia nusu ni kumtesa bila sababu.

Mpigie daktari wake leo umweleze umekuwa ukimpa kiasi gani, ndipo umrudishe kwenye dozi kamili. Akilala usingizi mzito asiamshike, au akipumua polepole mno, mkimbize hospitali. Na soma lebo ya chupa: yenye miligramu 5 katika mililita 5, dozi yake ni mililita 30, yenye miligramu 50 katika mililita 5, ni mililita 3 tu.